Mgeni Akiondoka, Ufunguo Unabaki na Nani?

Kuna methali ambayo watoto wengi wa Kenya huijua kwa tumbo kabla ya kuijua kwa daftari: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akitangazwa, kuku anachinjwa. Vile vikombe vya maua vinavyokaa mwaka mzima ndani ya kabati la kioo vinatolewa. Kochi linavalishwa vitambaa vilivyopigwa pasi. Na wewe uliyekula sukuma tangu Jumatatu unajikuta na paja mkononi. Aliyealikwa ni mgeni, lakini nyumba nzima imekula.

Nairobi inasubiri mgeni. Septemba 2023, Shirikisho la Kandanda Afrika, CAF, liliwapa Kenya, Uganda na Tanzania nafasi ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Tangu siku hiyo jiji linafanana na boma linalosubiri wakwe. Kasarani ilifungwa ikarekebishwa. Nyayo nayo ikafungwa ikarekebishwa. Machi 2024, pale Jamhuri kando ya Ngong Road, ilizinduliwa kazi ya kujenga uwanja mpya kabisa, Talanta, wenye viti 60,000. Ukipita na mat upande ule huna haja ya kumuuliza konda ni wapi.

Mimi ni shabiki wa mpira. Nataka kuketi kwenye viti hivyo, na nikipata tikiti nitaimba mpaka sauti iishe. Lakini kuna swali ambalo zile picha za droni zinazosambazwa kila wiki haziwezi kulijibu. Mgeni akishaondoka, mwenyeji atakuwa amepona? Na kabla hatujafika huko, huyo mwenyeji ni nani?

Wacha kwanza niondoe njiani jibu moja la haraka. Kila mara uwanja mpya ukitajwa pale base, hakosi mtu wa kuuliza: na hospitali je? Watu hawana dawa, nyinyi mnanunua viti vya plastiki. Ni hoja yenye uchungu wa kweli na siidharau. Ila ukiifuata mpaka mwisho, inasema kwamba maskini apewe kwanza dawa, kisha chakula, kisha barabara, na furaha ije baadaye. Na sote tunajua “baadaye” ya maskini hukaa wapi. Hakuna anayemwambia tajiri asubiri. Royal Nairobi Golf Club ilianzishwa 1906 na iko pua na mdomo na Kibra. Sijawahi kusikia mtu akisema nyasi zile zisimwagiliwe maji mpaka kila kituo cha afya kipate paracetamol. Starehe ya mwenye nacho inaitwa maisha, ya asiye nacho inaitwa anasa. Mimi sikubali mgawanyo huo. Binadamu si tumbo na homa pekee. Kucheza, kuimba na kupiga kelele pamoja na watu usiowajua ni sehemu ya utu.

Kama una shaka, kumbuka Agosti 2025. Tulipokuwa wenyeji wa CHAN, Harambee Stars waliifunga DR Congo bao moja kwa bila, wakaja wakaifunga Morocco bao moja kwa bila wakiwa wachezaji 10 kipindi kizima cha pili. Usiku ule Thika Road ilikuwa honi mwanzo mwisho. Mtaani kwetu muuza mayai alisahau kudai pesa zake. Halafu robo fainali tukatolewa na Madagascar kwa penalti, na kimya kilichofuata kilikuwa kimya cha watu wengi kwa pamoja, ambacho ni tofauti kabisa na kimya cha mtu mmoja chumbani. Furaha ya namna hiyo, na hata huzuni ya namna hiyo, huwezi kujinunulia peke yako. Inahitaji mahali. Inahitaji uwanja.

Na kutokuwa na mahali kuna aibu yake. Juni 2024, kwa sababu viwanja vyetu havikuwa vimefikia viwango, Harambee Stars walicheza mechi zao za “nyumbani” za kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi na Ivory Coast huko Lilongwe, Malawi. Mwenyeji alikwenda kukaribisha wageni katika nyumba ya jirani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulicheza kwa watu, na shabiki wa Kayole akatazama “nyumbani” kwake kwenye simu, bando ikikatika.

Kwa hivyo sisemi tusijenge. Ninasema tujiulize kwa uaminifu tunajenga nini, na kwa ajili ya nani.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili hakikubuni neno jipya kwa ajili ya jengo lenye viti na taa. Kilichukua uwanja, au uga kama wanavyopenda watangazaji wa redio, maneno ambayo kwa asili yanataja pale mbele ya nyumba palipo wazi. Uwanja wa nyumba ni mahali pa kuanika mahindi, pa watoto kukimbizana, pa wazee kuweka viti jioni. Sifa yake kubwa ni kwamba umeachwa wazi, na aliye nyumbani hahitaji tikiti kuukanyaga. Leo neno ni lile lile, lakini kilicho ndani yake kimegeuka. Ukisema “uwanja” Nairobi, akili inaona ukuta, geti, askari na mashine ya kusoma tikiti. Neno lililotaja uwazi sasa linataja mahali penye kufuli.

Sisemi kufuli ni mbaya. Oktoba 2010 watu saba walikufa kwenye msongamano pale Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira tu. Mtu akikuambia mageti na hesabu ya watu ni urasimu, mkumbushe hao saba. Hata katika CHAN, baada ya mashabiki kuvunja vizuizi na kuingia Kasarani bila tikiti, CAF iliamuru tikiti za mechi zetu zisizidi 27,000. Wengi walisema tumejiletea, hatuna nidhamu. Sawa, sehemu ya hiyo ni kweli. Lakini mimi niliona jambo lingine pia: kuna umati mkubwa nje ya geti, na umati huo unaamini kwamba kilicho ndani ni chake. Ni imani ya ajabu kwa watu walioonyeshwa mara nyingi kwamba si chao.

Maana viwanja vikubwa vimewahi kutufundisha masomo mengine. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, watu wengi waliokamatwa mitaani, hasa Wakenya wenye asili ya Kisomali na wakimbizi, walipelekwa kuzuiliwa Kasarani. Uwanja wa michezo ukafanya kazi ya kituo cha polisi. Miezi 12 tu kabla ya hapo rais alikuwa ameapishwa papo hapo, watu wakipeperusha bendera. Jengo moja lilikupa bendera au pingu, ikitegemea wewe ni nani na umeletwa na nani.

Linganisha na Kamukunji. Kamukunji haina jukwaa la maana wala viti vya rangi ya bendera. Ni uwanja tu, wa wazi, katikati ya Eastlands. Lakini ni pale ambapo mkutano wa Saba Saba uliitishwa Julai 7, 1990, watu wakaja ijapokuwa ulipigwa marufuku, na polisi wakawakimbiza. Uwanja ule uliingia kwenye historia hata ukaingia kwenye lugha: leo wanafunzi wa chuo wakitaka kukutana kuhusu karo wanaitisha kamukunji. Jengo likihesabu viti, linajua mapema ni watu wangapi watakaohusika. Uwanja wa wazi hausemi ni wangapi wanatosha.

Sasa angalia mwaka mmoja, 1987. Mwaka huo Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na kwa ajili ya wageni wale ukafunguliwa uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa msaada wa China. Mwaka huo huo, Mathare, likaanzishwa shirika la michezo la vijana linaloitwa MYSA. Halikuwa na uwanja. Lilikuwa na watoto, mipira, vipande vya ardhi vilivyojaa taka, na kanuni moja ya ajabu: timu inapata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Unazoa taka Jumamosi, unapanda kwenye jedwali. Kutokana na mfumo huo ikazaliwa Mathare United mwaka wa 1994, ambayo kufikia 2008 ilikuwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya.

Sizitaji hizi mbili ili nimpe mmoja medali na mwingine lawama. Kasarani imetupa usiku ambao hatutausahau, ikiwemo ya mashindano ya dunia ya riadha ya vijana ya 2017, watu walipojaa kuwashangilia watoto wa miaka 16 na 17. Ila ni majibu mawili tofauti kwa swali moja. Kasarani ilijibu: mgeni atakaa wapi? MYSA ilijibu: mtoto atacheza wapi? Serikali baada ya serikali tumejua kulijibu swali la kwanza kwa saruji. La pili tumewaachia watu wa kujitolea.

Na hapa ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Kuna kutazama na kuna kucheza. Uwanja mkubwa ni mahali ambapo 22 wanacheza na maelfu wanatazama. Fildi ya mtaa ni mahali ambapo karibu kila aliyefika anacheza, na mtazamaji ni yule anayesubiri zamu. Jiji lenye haki linahitaji vyote viwili. Lakini vikigombania ardhi, pesa na macho ya wakubwa, kinachoshinda kila mara ni kile kinachopendeza kwenye picha.

Mimi nilikulia Eastlands na nilikuwa golikipa. Ndiyo, msichana, golikipa, na nilikuwa mzuri. Tulikuwa na fildi yetu nyuma ya nyumba, vumbi tupu, goli ni mawe mawili, mpira ni ule wa juala uliofungwa kwa kamba, siku hizo juala hazijapigwa marufuku. Saa kumi jioni ilikuwa yetu sisi wadogo na wasichana. Saa kumi na moja wanaingia wakubwa. Hakuna aliyeandika ratiba hiyo, lakini iliheshimiwa kuliko trafiki. Halafu upande mmoja wa fildi ukazungushiwa mabati. Tukahamia nusu iliyobaki. Mwaka uliofuata robo nyingine ikawa maegesho ya malori. Mwenye mabati hatukumjua, na aliyeulizwa alisema ana karatasi.

Nilichokiona kipindi kile ndicho ninachotaka ukikumbuke kuliko takwimu yoyote. Fildi ilipopungua, haikupungua kwa wote sawa. Wakubwa walichukua saa kumi, kwa sababu saa kumi na moja hapakuwa na nafasi ya kutosha timu zote mbili. Wadogo wakasukumwa barabarani. Na wasichana tukaacha. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyesema mpira ni wa wavulana. Nafasi ilipobana tu, ikajulikana kimya kimya ni nani atakayesogea. Ardhi ya umma ikiwa nyingi, hata asiye na sauti anapata pembe yake. Ikiwa ndogo, sauti inakuwa ndiyo tikiti.

Hadithi yetu si ya pekee. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung’u, iliyoundwa 2003 kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi ardhi ya shule, bustani, barabara na misitu ilivyogawiwa kama njugu. Na kama ripoti ni ndefu kusoma, kuna Lang’ata. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakaandamana, watoto wa primari ndani ya sare, wakausukuma ukuta ule. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Nchi ikashtuka, dunia ikaona, na uwanja ukarudishwa kwa shule.

Nikikumbuka siku ile, linalonisumbua zaidi ni kwamba wale watoto walijua. Walikuwa na miaka minane, tisa, kumi, na walikuwa wameelewa jambo ambalo vitabu vizito huchukua kurasa 300 kulieleza: kuna vitu ambavyo ni vyako kwa sababu ni vya wote, na mtu akiviwekea ukuta amekuibia wewe binafsi. Hawakuwa wanadai viti 60,000. Walidai vumbi lao.

Na vumbi hilo ndilo linalotoa mastaa. Nenda Ziwani, Umeme Grounds, wakati wa Koth Biro. Jina hilo ni la Kidholuo, maana yake mvua inakuja, na mashindano yenyewe yamechezwa tangu miaka ya sabini. Hakuna kiti chenye namba. Watu wamesimama mpaka kwenye mstari, wengine juu ya ukuta, kuna mtu anauza karanga na mwingine anatoa maoni ya kiufundi ambayo hakuna aliyemwomba. Mchezaji wa ligi kuu anaweza kukutana pale na fundi wa kuchomelea vyuma, na fundi akampiga chenga. Dennis Oliech alipita Mathare United kabla ya Ulaya kumjua. Hakuna anayezaliwa kwenye nyasi za Talanta. Wanaofika pale wanatoka mahali fulani, na mahali hapo ndipo tunapopauza vipande vipande.

Sasa tuongee pesa, maana wengi hufikiri uwanja unajengwa na “serikali”, kana kwamba serikali ina shamba la kahawa. Kwa Talanta njia iliyotumika ni hati fungani, ile wenyewe huita bondi. Mwaka wa 2025 zilikusanywa takriban shilingi bilioni 45 kutoka kwa wawekezaji, hati hizo zikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi, kwa muda wa miaka 15 na riba ya takriban asilimia 15. Malipo yamepangwa kutoka kwa Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Na hazina hiyo hupata pesa zake kutokana na kodi za kamari na bahati nasibu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho polepole. Yule kijana pale kinyozi, anayebeti soo kila wikendi akingoja jackpot, ndiye mmoja wa wafadhili wa Talanta. Ukipoteza beti ya Arsenal, kuna senti fulani inakwenda kuweka kiti Ngong Road. Mimi simhukumu anayebeti. Ninachosema ni kwamba tumejenga mfumo ambao, ili deni la uwanja lilipwe, inabidi vijana waendelee kucheza kamari kwa miaka 15. Wengi wao ni wale wale waliokosa fildi ya kuchezea mpira, wakabaki na simu ya kuuchezea kamari. Kama hilo halikusumbui usiku, lisome asubuhi.

Halafu kuna miaka yenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 hati hizo zilipotolewa atakuwa na miaka 25 siku deni litakapoisha, kama mambo yataenda vizuri. Hakuulizwa. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 201, inasema mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na mikopo ya umma yagawanywe kwa usawa kati ya kizazi cha sasa na vizazi vijavyo. Ni sentensi ya kifedha, lakini mimi huisoma kama sentensi ya maadili. Haikatazi kukopa. Inatuambia tukimkopea mtoto mzigo, tumkopee na manufaa. Mji wa Montreal, Canada, uliandaa Olimpiki mwaka wa 1976 na kumaliza kulipa deni la uwanja wake mwaka wa 2006. Kuna watu waliolipia sherehe iliyofanyika kabla hawajazaliwa, na kwa miaka hiyo 30 swali lao la haki lilikuwa moja: sisi tunapata nini hapa?

Mtu atanijibu kwamba manufaa yapo. Kazi za ujenzi, hoteli, bodaboda, mama wa chapati, jina la nchi. Pia uwanja huamsha ndoto: mtoto akiona taa zile anataka kuwa Wanyama. Nakubali yote, hasa hilo la ndoto. Lakini ndoto bila mahali pa kuifanyia mazoezi huwa ni tangazo la biashara. Unamwonyesha mtoto kilele cha mlima, kisha unauza njia ya kupandia.

Hapa ndipo methali yetu inaposaidia, kwa sababu ndani yake kuna tofauti kati ya ukarimu na kujionyesha. Mkarimu akipata mgeni, nyumba nzima inakula. Mgeni anapewa kipande kizuri, ndiyo, lakini watoto hawalali njaa, na kesho yake nyumba imebaki imefagiwa. Mwenye kujionyesha anakopa dukani kuku wa mgeni, anawafungia watoto chumba cha nyuma wasionekane, na mgeni akiondoka vikombe vinaoshwa na kurudishwa kabatini mpaka mgeni mwingine. Kwa macho ya mgeni, nyumba hizi mbili zinafanana. Chai ni tamu kote. Anayejua tofauti ni mtoto wa nyumba.

Basi kipimo cha uwanja mpya hakiko siku ya ufunguzi. Siku hiyo kila kitu kitapendeza: fataki, marais watatu, ngoma, mpira wa kwanza. Kipimo kiko siku ya kawaida baada ya fainali, tuseme Jumanne saa kumi jioni, hakuna mechi, hakuna kamera. Timu ya wasichana ya Kawangware inaweza kuingia pale kufanya mazoezi kwa bei wanayoiweza? Kama haiwezi kukanyaga nyasi kuu, na ninaelewa kwamba nyasi hizo zinahitaji kupumzika, je, kuna kiwanja cha pembeni kilichotengwa kwa ajili yao, kwa maandishi, na si kwa hisani ya afisa mwenye roho nzuri? Na kule Dandora, Jericho, Githurai, je, kila fildi ya umma ina hati miliki inayosema ni ya umma, yenye mipaka iliyopimwa, ili mtu wa mabati akija na karatasi yake akutane na karatasi kubwa zaidi?

Haya si maombi ya mbinguni. Hati miliki ya fildi ya shule haihitaji kreni. Ratiba ya kulinda saa za watoto na wasichana haihitaji bondi. Ingetosha kuweka sharti moja: pesa za umma zisitoke kujenga kiti cha kutazamia kabla haijaonyeshwa ni kiwanja gani cha kuchezea kimelindwa pamoja nacho. Uwanja mkubwa ungekuja ukivuta vidogo nyuma yake, kama kuku na vifaranga. Na sisi tunaolipa, iwe kwa kodi ya mshahara au kwa beti iliyopotea, tuna haki ya kuuliza hili sasa, saruji ikiwa bado mbichi. Diwani wako anajua fildi za wadi yako ni ngapi? Wewe unajua? Wiki hii, ukitoka kazini, pita ile uliyoijua ukiwa mdogo uone kama bado ipo, na kama ipo uulize karatasi zake ziko wapi.

Mimi nitakuwa uwanjani 2027 Mungu akinijalia, na jezi, na sauti yote. Nitamkaribisha mgeni kwa moyo, maana kukaribisha ni tabia yetu njema na sitaki tuipoteze. Ila filimbi ya mwisho ikishapigwa na mabasi ya timu yakielekea JKIA, nitataka kujua ufunguo wa geti umeachwa kwa nani. Kama unaning’inia kwenye kiuno cha mlinzi anayengoja mgeni mwingine, basi tulikuwa wapishi tu. Mwenyeji ni yule anayeweza kuingia nyumba ikiwa haina wageni.